Marafiki melini: Yanayofaa kuafikiwa kabla ya ziara ya Mediterania

MELI za kitalii hazina desturi ya kumsubiri abiria. Saa iliyotangazwa inapofika, ngazi huondolewa, kamba hufunguliwa gatini na chombo chenye maelfu ya watu huanza kujitenga na nchi kavu, hata kama kuna mtu anayeonekana akikimbia kutoka upande wa lango huku akipunga mikono.

Vituko vya namna hiyo hushuhudiwa mara kwa mara katika bandari za bahari ya Mediterania, na abiria walioko sitaha za juu hukusanyika kutazama kana kwamba ni mchezo wa kandanda. Kwa msafiri aliye peke yake, hiyo ni hasara na fedheha kidogo. Kwa kikundi cha marafiki ni swali gumu: waliokwisha kupanda washuke wamfuate mwenzao, au waendelee na ziara waliyoiwekea akiba kwa miaka mitatu?

Swali hilo lina jibu, ila linafaa kutolewa nyumbani kabla ya senti yoyote kulipwa, wala si gatini. Ndivyo yalivyo mambo mengi ya ziara ya aina hii. Meli yenyewe haina matata. Imepangwa kwa namna ambayo hata asiyewahi kuona bahari atapata chakula kwa wakati na kitanda kilichotandikwa. Kinachoelekea kuvunjika ni kikundi.

Kwa asiyeifahamu, ziara ya meli ni hoteli inayosafiri. Abiria hupanda katika bandari moja, hukabidhiwa chumba, na asubuhi nyingi huamka wakiwa katika mji mwingine. Mchana hushuka kutembea, jioni hurejea kula, na usiku meli huendelea na mwendo wake. Ziara iliyozoeleka huchukua siku saba. Ya upande wa magharibi huzunguka miji kama vile Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia iliyo bandari ya Roma, Naples, na pengine Valletta katika kisiwa cha Malta. Ya mashariki huanzia mara nyingi Piraeus, bandari ya Athens, ikapitia visiwa vya Mykonos na Santorini hadi Kuşadası nchini Uturuki, karibu na magofu ya Efeso, mji ambao Wakristo wanaufahamu kutokana na waraka wa Mtume Paulo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1867 meli iliyoitwa Quaker City iliondoka New York ikiwa na Wamarekani waliolipia ziara ya Mediterania na Nchi Takatifu. Miongoni mwao alikuwemo mwandishi Mark Twain, ambaye kitabu chake The Innocents Abroad cha mwaka 1869 kilitokana na safari hiyo, na ambaye hakuwasaza wasafiri wenzake kwa kejeli. Yaelekea hata wakati huo wiki chache za kukaa pamoja melini zilitosha kuwachosha watu.

Mnamo Januari 1891, Albert Ballin, aliyekuwa akisimamia kampuni kubwa ya meli mjini Hamburg, aliituma meli Augusta Victoria Mediterania ikiwa na abiria 241. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara: wakati wa baridi kali watu wachache walitaka kuvuka bahari ya Atlantiki, na meli iliyofungwa bandarini hula pesa bila kuingiza. Wengi huihesabu safari hiyo kuwa mwanzo wa biashara hii kama inavyofahamika sasa.

Ukubwa ndio uliobadilika. Meli MSC World Europa, iliyoanza kazi mwaka 2022, ina zaidi ya tani 215,000 (tani hizi ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani, wala si uzito) na hubeba zaidi ya abiria 6,000 inapojaa. Huo ni mji mzima. Marafiki wanaodhani kwamba watakuwa wakikutana tu wenyewe kwa wenyewe hushangaa kumaliza siku nzima bila kuonana.

Hesabu ya vyumba

Chukulia kikundi cha marafiki saba waliosoma pamoja chuoni, ambao wamekuwa wakichanga kila mwezi kwa nia ya kusherehekea kutimiza umri wa miaka 50. Tayari wamekosea hesabu, ingawa hawajui. Bei zinazotangazwa na kampuni za meli kwa kawaida ni za mtu mmoja katika chumba cha watu wawili, na saba haigawanyiki kwa mbili. Wa saba akilala peke yake, mara nyingi atatozwa karibu nauli ya watu wawili, kwa kuwa kampuni huuza chumba, haiuzi kitanda.

Wanaweza kumtafuta wa nane. Wanaweza pia kuchukua chumba kimoja cha watu watatu, ambamo wa tatu hulalia kitanda cha kuteremshwa kutoka ukutani au darini, na kwa kawaida hulipa nauli ya chini. Vinginevyo wote saba wagawane gharama ile ya ziada. Njia hii ya mwisho ndiyo inayoelekea kudumisha urafiki, lakini ni sharti iafikiwe mapema. Anayelala peke yake huonekana na wenzake kuwa amefaidi, ilhali yeye hujiona ameonewa.

Tofauti za mifuko nazo hazifichiki. Mmoja atataka chumba chenye roshani, mwingine ataridhika na cha ndani kisicho hata dirisha. Hapa meli ina fadhila ambayo hoteli nyingi hazina: katika kampuni nyingi, aliye katika chumba cha bei ya chini hula katika ukumbi ule ule, huogelea katika kidimbwi kile kile na hushuka Naples kwa ngazi ile ile. Hakuna haja ya kumlazimisha mtu kukopa ili alingane na wenzake. Ila wanaotaka kuwa karibu wanapaswa kuomba sitaha moja wakati wa kuagiza, na pia kuomba meza moja ya chakula cha jioni, kwani meza za watu wanane au kumi ni chache na huisha mapema.

Kuhusu punguzo la kikundi, matumaini huwa makubwa kuliko ukweli. Baadhi ya kampuni kubwa hutambua kikundi kuanzia vyumba vinane, yaani watu 16. Marafiki saba ni wateja wa kawaida tu.

Mtihani wa viza

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, mtihani mkubwa zaidi uko nchi kavu. Uhispania, Ufaransa, Italia, Malta, Ugiriki na, tangu Januari 2023, Kroatia, zote zimo katika eneo la Schengen. Viza moja huzifungua zote. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairejeshwi ombi likikataliwa. Mwombaji huhitaji pia bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Ombi halipelekwi katika ubalozi wowote ule. Kanuni ni kwamba hupelekwa kwa nchi ambako msafiri atakaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi atakayoingia kwanza. Meli ikianzia Barcelona lakini ikatia nanga Genoa, Civitavecchia na Naples, basi huenda Italia ndiyo inayostahili kulipokea ombi, hata kama picha iliyo kwenye tangazo ni ya Barcelona. Marafiki wanaokwenda ziara moja lakini wakaomba katika balozi tofauti hujitafutia maswali yasiyo ya lazima.

Jambo linalowanasa wengi ni bandari zilizo nje ya Schengen. Uturuki, Tunisia, Misri, Albania na Montenegro hazimo katika eneo hilo. Meli inapotoka Ugiriki kwenda Kuşadası kisha ikarejea Piraeus, abiria atakuwa ametoka na kuingia tena. Aliyepewa viza ya kuingia mara moja tu hana njia ya kurudi, na wahudumu wanaokagua hati wanaweza kumzuia asipande meli tangu mwanzo. Viza ya kuingia mara mbili au zaidi ni ya lazima katika ziara ya aina hiyo, na kila nchi iliyo nje ya Schengen ina masharti yake kwa Wakenya ambayo yanapaswa kuthibitishwa mapema. Bima nayo ikaguliwe ijulikane iwapo inafanya kazi katika nchi hizo.

Sasa kuna suala la kalenda, na hapa ndipo pesa za kikundi zinapoweza kupotea. Ombi la viza ya Schengen haliwezi kuwasilishwa mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari. Kampuni nyingi za meli, kwa upande mwingine, hutaka malipo yote yakamilishwe kati ya siku 60 na 90 kabla ya kuondoka, na baada ya hapo faini ya kughairi huongezeka kila wiki hadi kufikia nauli nzima. Kwa hivyo kuna dirisha la takriban miezi mitatu au minne ambalo ombi linafaa kupelekwa na jibu kupatikana kabla ya pesa kunasa. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini unaweza kuchukua hadi siku 45. Kikundi kinachosubiri mwezi wa mwisho huwa kinacheza kamari na akiba ya watu.

Aidha, ombi la kila mmoja huamuliwa peke yake. Hakuna viza ya kikundi cha marafiki. Huenda sita wakakubaliwa na wa saba akakataliwa, pengine kwa sababu taarifa zake za benki hazikuridhisha. Basi wenzake wafanye nini? Waafikiane kabla ya siku hiyo: je, hasara yake ataibeba mwenyewe au ni ya chama? Atakayebaki peke yake katika chumba walichokuwa wagawane, nani atamlipia nafasi iliyoachwa? Baadhi ya kampuni huruhusu jina moja kubadilishwa katika chumba almuradi aliyesalia ni yule yule wa awali, na kwa hiyo ni busara kuwa na rafiki wa akiba mwenye viza. Lakini rafiki wa akiba hapatikani kwa wiki moja.

Wanaofanya kazi ya ualimu wana kikwazo kingine. Likizo ya Agosti ndiyo msimu wa kilele Ulaya, wakati nauli zimepanda, joto limekithiri na miji imefurika. Likizo ya Aprili ina nafuu kwa yote matatu.

Hati zikiwa tayari, ndege iwafikishe wasafiri katika mji wa meli angalau siku moja kabla. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili alama za vidole na picha za wageni wanapoingia, na foleni katika viwanja vya ndege haihurumii mwenye haraka. Mzigo uliopotea nao hupata siku ya kupatikana.

Daftari la pesa

Melini hakuna anayelipa kwa noti. Kila abiria hupewa kadi ambayo ni ufunguo wa chumba, kitambulisho cha kutokea na kuingilia melini, na pia chombo cha kununulia. Kila kinachonunuliwa huandikwa, na deni lote hulipwa mwishoni. Urahisi huo ndio mtego wenyewe. Chai ya asubuhi na chakula cha ukumbini vimo katika nauli, lakini soda, pombe, mikahawa maalum, intaneti, picha zinazopigwa na wapigapicha wa meli na huduma za daktari havimo.

Juu ya hayo huongezwa bakshishi ya wahudumu, ambayo katika kampuni nyingi ni kati ya dola 10 na 20 kwa kila mtu kila siku, na huandikwa yenyewe bila mtu kuulizwa. Kwa siku saba na watu saba hizo si pesa za kusahaulika. Malipo hayo yana msingi, kwani wafanyakazi wa vyumbani na jikoni, wengi wao kutoka Ufilipino, India na Indonesia na sasa Wakenya wakiwamo, huwa mbali na jamaa zao kwa miezi mingi na mishahara yao hutegemea sehemu hiyo. Kosa ni la wanaoweka akiba bila kuijumlisha.

Kuna kanuni nyingine ndogo inayozua ugomvi mkubwa. Katika baadhi ya kampuni, mmoja akinunua mpango wa kunywa pombe bila kipimo kwa bei moja ya kila siku, watu wazima wote walio katika chumba hicho hulazimika kuununua pia. Mlevi wa kistaarabu akiwekwa chumba kimoja na mzee wa kanisa, mmoja wao atalipia asichokitaka au mwingine atanyimwa anachokitaka. Mgawanyo wa vyumba basi usifuate tu nani ni rafiki wa nani. Ufuate pia nani anakunywa, nani anakoroma na nani huamka saa kumi usiku kusali.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kikundi kinachosafiri vyema huwa na mweka hazina mmoja na mfuko mdogo wa pamoja kwa ajili ya teksi, tikiti za treni na chakula cha mchana mjini. Ya melini kila mmoja abebe kwa kadi yake. Marafiki wanaoandikisha kila kitu kwa kadi ya mmoja wao, kwa ahadi ya "tutahesabiana tukifika nyumbani," humwachia mwenzao deni na wao wenyewe kisingizio.

Simu ni mtego mwingine. Meli inapokuwa baharini, simu inaweza kujiunga na mtandao wa setilaiti wa meli ambao gharama yake ni ya kutisha, hata kama mwenyewe hajapiga. Simu inafaa kuwekwa katika hali ya ndegeni tangu kuondoka gatini. Maana yake ni kwamba lile kundi la WhatsApp lililopanga ziara nzima huenda lisifanye kazi pale linapohitajika. Marafiki hurudi kwenye njia ya wazee: tukutane mahali fulani, saa fulani.

Siku ya kwanza melini

Kabla ya meli kuondoka, abiria wote hutakiwa kushiriki katika zoezi la usalama. Wengi huliona kuwa usumbufu unaowachelewesha kwenda kula. Historia ya karibuni inasema vingine.

Usiku wa Januari 13, 2012, meli Costa Concordia, iliyokuwa imeondoka Civitavecchia jioni hiyo, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia. Ilikuwa na zaidi ya watu 4,200. Nahodha wake, Francesco Schettino, alikuwa ameipitisha karibu mno na kisiwa. Aliiacha meli kabla ya abiria wote kuokolewa, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miaka 16, hukumu ambayo ilithibitishwa mwaka 2017. Watu 32 walifariki. Abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi la usalama, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu Januari 2015 sheria za kimataifa zinataka lifanywe kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka.

Kwa kikundi cha marafiki, zoezi hilo lina maana ya ziada. Kila abiria hupangiwa mahali pake pa kukusanyikia kulingana na chumba chake, na mahali hapo huandikwa kwenye kadi. Marafiki walio katika vyumba vilivyotengana wanaweza kupangiwa sehemu tofauti. King'ora kikilia, silika itamsukuma kila mmoja kuwatafuta wenzake kwanza, akipanda ngazi ambazo wengine wanazishuka. Hilo ndilo jambo la hatari zaidi analoweza kufanya. Kila mmoja aende mahali pake, ahesabiwe, na kuonana kuje baadaye. Ni neno gumu kuambiana marafiki, na ndiyo sababu linafaa kusemwa siku ya kwanza wakati kila mtu anacheka.

Bandarini

Majina ya bandari hudanganya. Civitavecchia iko umbali wa takriban kilomita 80 kutoka Roma, na treni huchukua kama saa moja. Anayeambiwa kwamba meli itafika Florence atajikuta Livorno, kilomita 90 hivi kutoka mji huo, ingawa Pisa na mnara wake ulioinama uko karibu zaidi. Naples ndiyo yenye ukarimu: meli hutia nanga karibu kabisa na mji, na magofu ya Pompeii, yaliyofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo, hufikika kwa treni ya abiria wa kawaida.

Venice imebadilika kabisa. Tangu Agosti 2021 meli kubwa zimepigwa marufuku kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko, na nyingi sasa huwateremsha abiria Marghera, au hata katika miji ya Ravenna na Trieste. Picha ya meli ikipita kando ya majumba ya kale ni ya enzi iliyopita. Santorini hakuna gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa mashua, kisha huupanda mwamba hadi mji wa Fira kwa gari la kamba, kwa ngazi zipatazo 600 au kwa punda. (Mwaka 2018 serikali ya Ugiriki iliweka kikomo cha mzigo wa kilo 100 kwa mnyama, jambo linalofaa kujulikana na wenye miili kabla hawajapanga foleni.) Ugiriki ilianza pia mwaka 2025 kutoza ada kwa abiria wa meli, ambayo kwa Santorini na Mykonos hufikia euro 20 kwa mtu katika msimu wa kilele. Wenyeji wamechoshwa na umati, na hawafichi.

Katika bandari hizi ndipo urafiki hujaribiwa kila siku. Meli huuza matembezi yenye kiongozi, ambayo ni ghali lakini yana hakikisho moja la thamani: basi lao likichelewa, meli kwa kawaida hulisubiri, au kampuni hugharamia kuwafikisha abiria hao bandari inayofuata. Wanaojitembeza wenyewe hawana hakikisho hilo, ila hulipa nafuu. Hapa idadi ya saba ni baraka, kwani gari moja dogo la kukodi huwatosha, na gharama ikigawanywa huwa chini ya tikiti ya basi la meli.

Utaratibu unaoelekea kufaa ni kuchanganya. Mahali palipo mbali, kama vile Roma na Florence, wachukue matembezi ya meli au wapange kurejea saa mbili kabla ya muda. Mahali palipo karibu, watawanyike. Anayependa makanisa aende makanisani, anayependa maduka aende madukani. Kikundi kinachosisitiza kwenda pamoja kila mahali hutembea kwa mwendo wa aliye na goti bovu na kula saa ya aliye na njaa zaidi, na kufikia siku ya nne hakuna anayezungumza na mwenzake. Kila mmoja lakini awe ameandika saa ya kurejea kama ilivyo kwenye saa ya meli, ambayo wakati mwingine hutofautiana na ya mji.

Ndipo tunaporejea kwa yule anayekimbia gatini. Jibu ambalo kikundi kinafaa kuliafiki mapema ni kwamba waliopanda wasishuke. Meli haiwezi kuwangoja, nao wakishuka watakuwa watu saba waliokwama badala ya mmoja, kila mmoja akitafuta hoteli na usafiri wake. Wanachoweza kufanya ni kukimbilia dawati la wageni mara moja na kutoa taarifa, kwani mabaharia mara nyingine huichukua pasipoti ya aliyechelewa kutoka chumbani na kuiacha kwa wakala wa meli bandarini. Yeye mwenyewe awe na nakala ya pasipoti na viza, kadi ya benki, na nambari ya wakala huyo, ambayo huchapishwa katika ratiba ya kila siku. Akiwa Livorno anaweza kuifuata meli kwa treni hadi Civitavecchia. Akiwa kisiwani itabidi atafute ndege au feri.

Kuna hali moja tu inayobadilisha jibu hilo. Mtu akilazwa hospitalini, mmoja abaki naye, na ajulikane tangu nyumbani ni nani. Kwa kawaida ni yule wa chumba chake. Mfuko wa pamoja ndio unaopaswa kumlipia gharama za kubaki, si mfuko wake.

Bahari pia ina uamuzi wake. Mwezi wa Julai na Agosti upepo mkali wa kaskazini uitwao meltemi huvuma katika bahari ya Aegea, na nahodha anaweza kuamua kutotia nanga Mykonos au Santorini. Mkataba humpa haki hiyo, na abiria hurejeshewa ada za bandari tu. Waliolipa nauli yote kwa ajili ya Santorini huumia. Heri walioichagua meli kwa sababu ya kuwa pamoja.

Usiku wa mwisho abiria hupewa vibandiko vya rangi vya kufunga kwenye masanduku, ambayo huachwa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane na kukutwa gatini asubuhi. Bili hupatikana usiku huo huo, na foleni ya wanaopinga deni huwa fupi saa nne usiku na ndefu mno saa moja asubuhi. Mkoba wa mkononi hubaki chumbani ukiwa na pasipoti, dawa, na nguo za kesho yake, kwa sababu wapo ambao hufungasha kila kitu kwa bidii, masanduku yakachukuliwa, wakashuka Barcelona na nguo za kulalia.